Maua Yaliyofanana na Pamba

Mama mkubwa, dada yake mama, alifika kwetu miaka michache baada ya Uhuru, wakati vita vya ng'ambo vilipokuwa vikisukuma watu kuvuka ziwa. Wengine walishuka na masufuria, cherehani, hata mbuzi. Yeye alishuka na vitenge viwili, kimoja kiunoni na kimoja kichwani, na katika pindo la kile cha kichwani kulikuwa na fundo. Mama alilifungua akidhani ni hirizi. Zilikuwa mbegu: bapa, nyepesi, za rangi ya majani makavu, zenye umbo la vifungo vya shati.

Hakuwa amezibeba kwa makusudi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wa ukoo walipenda kulisimulia vingine. Kwao, kwenye milima ya upande wa pili, alifanya kazi katika bustani ya masista wa misheni, na asubuhi ile alikuwa akikusanya mbegu kutoka kwenye maua yaliyokauka kando ya ukuta wa kanisa. Risasi ziliposikika alifunga kilichokuwa mkononi akakimbilia nyumbani. Nyumbani hakumkuta mtu. Alikuwa na mume na mabinti wawili. Zaidi ya hapo hakutueleza, na mama alitukataza kuuliza.

Tulikaa kusini mwa Ujiji, mahali ambapo mteremko unaishia kwenye mchanga wa ziwa. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, imepakwa udongo mweupe, na mgongo wake ulitazama ziwa. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Kigoma. Alilala huko wiki nzima, akaja Jumamosi. Mama alilima mihogo, alikuwa na michikichi michache ya kukamulia mawese, na kama kila nyumba ya kijiji alitakiwa kuwa na shamba la pamba. La kwetu lilianzia pale pale nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ukutani.

Mama alimwita dada yake yaya, kama watu wa ng'ambo wanavyomwita dada mkubwa. Shuleni wenzangu walicheka, kwa sababu kwao yaya ni mwanamke anayelipwa kulea watoto. Wakaniuliza kama tumekuwa matajiri. Ningependa kusema kwamba alilea mtu yeyote miaka ile ya kwanza, lakini hakuwa na uwezo huo. Aliketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba akitazama maji. Ukimsalimia aliitikia vizuri, kwa adabu zote, kisha akanyamaza. Alikula akiwekewa chakula, alioga akipelekwa. Mama alimsuka nywele kila Jumapili, naye aliachia kichwa kisogezwe huku na huku kama kisicho chake.

Mbegu mama alizipanda kwa sababu hakujua azifanyie nini kingine. Alizifukia kando ya ukuta wa nyuma, karibu na mkeka. Alianza wakati wa jua kali na nyingi zikafa. Kuku walichakura nyingine. Zile za mwisho zilizosalia alizizungushia miiba, zikaota. Majani yalikuwa mapana, yenye kingo zilizogawanyika na vinywele vinavyokwaruza, yakifanana na ya bamia. Mama akaamua kuwa ni mboga. Siku moja alichuma kapu dogo, akayapika kama mlenda, tukala na ugali wa muhogo. Baba alitafuna muda mrefu, akameza, akauliza, "Mke wangu, hii umeleta ya kula au ya kusugulia sufuria?" Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Majani hayakupikwa tena.

Mwaka ulipita. Mimea ilikuwa imejitandaza chini ya ukuta, majani matupu, haina shina la maana wala ua. Mama alitaka nafasi ile kwa pilipili. Alitoka na jembe, akainama, na kabla hajapiga, sauti ilitoka mkekani.

"Acha. Mwaka wa kwanza ni majani tu. Maua ni mwaka wa pili."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyoyasema mama mkubwa kwa mkupuo mmoja tangu ashuke mtumbwini. Mama aliliacha jembe palepale chini. Nilimfuata ndani nikamkuta amesimama mbele ya mafiga yasiyo na moto, mkono mdomoni.

Tangu siku hiyo mimea ile ilikuwa ya mama mkubwa. Alihama kutoka mkekani akaanza kuchuchumaa. Niliambiwa nimsaidie, na kwa hiyo nilijifunza jinsi maua hayo yanavyotunzwa, ingawa sijapata tena pa kuutumia ujuzi huo. Mizizi yake huenda chini moja kwa moja kama msumari, kwa hiyo ukitaka kuyahamisha utayaua. Hayapendi joto letu. Alinituma ziwani kuleta mchanga wenye maji, akaulaza kuzunguka mashina ili mizizi ipoe, na mchana aliyaegemezea mkeka wake wa kukalia uyakinge jua. Makapi ya mawese aliyaacha yaoze kabla ya kuyaweka. Chini ya majani ya zamani palitokea vipele vya rangi ya kutu; alivikagua kila asubuhi, akakata jani lililougua, akalichoma mbali. Alifanya yote hayo kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kuyafanya miaka mingi, na mikono yake ilikuwa imeamka kabla yake mwenyewe.

Masista walikuwa na jina lao la kizungu. Yeye aliyaita maua ya ukutani. Nikiwa mtu mzima, katika kitabu cha kilimo cha bustani, niliona picha yake na jina holihoki, nikafunga kitabu.

Aliniambia yalivyo yakiwa yamekomaa. Shina moja hupanda mpaka kwenye dari, likisimama kama fimbo, na maua hufunguka kuanzia chini kwenda juu, leo haya, kesho yale, mpaka ncha. Mengine meupe. Mengine mekundu kama mashavu ya samaki aliyevuliwa sasa hivi. Alisema mabinti zake walizoea kuchuma yaliyoanguka, wakayalamba, wakayabandika kwenye kucha, wakatembea vidole vimenyooka kama mabibi harusi. Alisema hivyo akiwa anafunga kamba ya ukindu kwenye tete la kuegemezea shina, na hakuacha kufunga. Sikupata kumsikia akiwataja mara nyingine.

Mama aliyatazama mabadiliko haya kwa hofu zaidi kuliko furaha. Jumamosi moja nilimsikia akizungumza na baba, wakiwa wamekaa kizingitini.

"Yakitoa maua, atarudi," mama alisema. "Sasa hivi ni mwili tu uliokaa hapa. Atarudi, nakwambia."

"Na yasipotoa?"

Mama alichukua vikombe akaingia navyo ndani.

Huo ndio ulikuwa mwaka kijiji chetu kilipoanza kuletewa watu. Sisi tulikuwa tayari karibu na maji na barabara, kwa hiyo hatukuhamishwa. Waliohamishwa ni watu wa milimani, Waha waliokuwa wakiishi mbalimbali kila mtu na mgomba wake. Walifika kwa malori wakiwa na milango ya nyumba zao, mitungi, na kuku waliofungwa miguu. Viwanja vilipimwa kwa kamba, mstari baada ya mstari, na katika kiwanja kilichopakana na shamba letu la pamba aliwekwa mjane mmoja na watoto wake.

Mama alimpokea. Kwa majuma kadhaa alipikia jikoni kwetu mpaka alipopata kusimamisha jiko lake, na tulimpa vipando vya mihogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono, mwenye maneno. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha kingi ndani, na alitusalimia "mwakeye," salamu yao ya asubuhi, hata jua likizama. Mama alipomkosoa alijibu kwamba kwake kunakucha akimwona mtu anayempenda. Alitutania kwamba watu wa ziwani tunanuka dagaa mpaka kwenye mito ya kulalia, nasi tulimtania kwamba yeye anaogopa maji mpaka ya kunawa. Alikuwa mtu mwema. Naandika hivyo bila mzaha wowote.

Jambo moja alilisema bila utani. Huko alikotoka, mumewe alikamatwa kwa ajili ya maotea. Neno hili linahitaji maelezo. Pamba ikishavunwa, mabua yake hung'olewa na kuchomwa yote kabla ya siku iliyotajwa, ili wadudu wasipate mahali pa kukaa mpaka msimu mwingine. Mabua yaliyoachwa hukauka, lakini yaliyo karibu na maji huchipua upya, yakatoa majani mabichi na vitumba katikati ya kiangazi. Hayo ndiyo maotea, na wakubwa wa kilimo waliyachukia kuliko mabua makavu. Mumewe aliacha machache kando ya kisima kwa uvivu tu. Akawekwa ndani, akalala sakafuni kwa muda, akatoka na kikohozi, na kikohozi kile hakikumwacha. Mjane huyu alipokuwa akilisimulia hakulaumu serikali wala mtu. Alilaumu pamba mbichi. Aliitaja kama mtu anavyomtaja nyoka.

Bwana shamba wetu alikuja akafanya mkutano kwenye uwanja wa shule. Alikuwa kijana, sauti imemkauka kwa mikutano mingi. Alisema mabua yote yaondoke, na hasa yale yanayochipua tena, na kwamba mwenye nyumba atakayekutwa na hata shina moja la kijani atakwenda kujieleza ofisi ya kata. Akataja siku. Ilikuwa bado mbali, na mama, kama wengi, alipanga kung'oa mwishoni.

Wakati huohuo maua ya ukutani yalikuwa yamepanda. Mashina matatu yalikuwa yamesimama, marefu kuliko mimi, yameegemea matete. Katika kila kikwapa cha jani palikuwa na kitumba cha mviringo, kijani, kimefungwa kwa vijani vidogo vilivyobana. Sasa najua kwamba mimea hii na pamba na bamia ni ndugu wa ukoo mmoja. Wakati ule hakuna aliyejua, na sisi tuliokuwa tukiitazama kila siku hatukuona kufanana kokote, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuipa jina.

Mama mkubwa alibadilika vitumba vilipokuwa vikinenepa. Aliomba mafuta ya kujipaka. Aliulizia Jumapili ni lini. Migebuka ya ziwani ya kukaanga, ambayo mwanzoni aliiacha sahanini ikipoa, alianza kuichambua mpaka mifupa. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, na nilimsikia nyuma ya nyumba akizungumza kwa sauti ya chini na kitu fulani, ama mimea ama Mungu.

Ndipo zikaja habari kutoka Mwamgongo, kule kaskazini. Binamu yao, aliyekuwa amevuka ziwa miaka ileile, alikuwa amejifungua, na aliomba mama mkubwa awe mama wa ubatizo. Mama aliufikisha ujumbe akitarajia kukataliwa. Mama mkubwa akasema atakwenda.

Asubuhi ya safari aliahirisha kutoka. Kitumba cha chini kabisa kilikuwa kimepasuka ncha, na ndani palionekana uzi mwembamba wa rangi nyekundu. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, mzigo mgongoni, akasema labda sisi tutangulie, yeye atakuja na mtumbwi mwingine. Mama alijua hakutakuwa na mtumbwi mwingine. Alimshika mkono.

"Maua hayana miguu, yaya," alimwambia. "Tutayakuta."

Baba alikuwa bandarini, kwa hiyo nyumba ilifungwa. Mama alimwomba mjane atutazamie kuku, akamkabidhi ufunguo wa jiko. Tukaenda Katonga kutafuta chombo, tukapanda boti iliyokuwa ikirudi kaskazini na magunia matupu.

Sitasimulia yote ya Mwamgongo. Nilimwona mama mkubwa akimpokea mtoto yule kanisani, akamweka kifuani. Aliimba. Sikujua kuwa alikuwa na sauti ya kuimba. Mama alijua, na alilia mpaka kitambaa kikalowa. Tulipaswa kurudi baada ya siku mbili lakini mwenye boti alisubiri dagaa wake wakauke mchangani, na palikuwa na mawingu, hivyo tulikaa juma zima na zaidi. Mama mkubwa hakunung'unika. Alihesabu kwa vidole maua ambayo yangekuwa yamekwisha kufunguka, akaniambia tutakuta maua yamefika hapa, akionyesha nyonga yake.

Ndani ya boti, tukirudi, mchuuzi mmoja wa dagaa alimsikia akiyazungumzia akamuuliza kama yanaliwa. Mama mkubwa alisema, "Shemeji yangu alijaribu. Sasa anasugulia sufuria." Boti nzima ilicheka. Mama alimtazama dada yake kama mtu anayetazama taa iliyowaka baada ya kukosa mafuta siku nyingi, anayeogopa hata kupumua karibu nayo.

Tulishuka Katonga, tukapita Buzebazeba, tukashika njia ya Ujiji. Kabla ya kufika nilisikia harufu ya moshi wa majani. Mashamba ya pamba tuliyoyaacha na mabua yalikuwa matupu, kila moja na duara la majivu katikati. Mama alishtuka, akasema siku haijafika. Mzee mmoja njiani akatueleza kwamba ukaguzi ulikuwa umewahishwa. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba, na waliochelewa wawili walikuwa tayari wamechukuliwa. Mama akaanza kwenda kwa haraka. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye shamba letu, kwamba tumekutwa na mabua na nyumba imefungwa, kwamba baba atafuatwa bandarini. Mama mkubwa alikuja nyuma yetu kwa mwendo wake. Yeye hakuwa na sababu ya kuogopa pamba.

Mjane alituona kutoka mbali, akaja mbio kutupokea mizigo. Uso ulikuwa unang'aa. Alianza kusimulia kabla hatujafika uani: jinsi balozi alivyotangaza, jinsi alivyoiona nyumba yetu imefungwa akajua tumekwisha, jinsi alivyokusanya wanawake wa mstari wake wakafanya msaragambo, kazi ya pamoja, kwa ajili yetu. Shamba letu walilisafisha kabla ya kugusa la mtu yeyote. Wakaguzi walipofika hawakukuta hata kijiti.

Mama alimkumbatia. Alikuwa akimshukuru kwa Kiswahili, kwa Kibembe cha ng'ambo, kwa kila lugha aliyokuwa nayo.

"Na ile mibichi ya ukutani," mjane alisema, akishusha sauti sasa, kwa heshima, kama mtu anayegusa jambo ambalo hakutaka kutuaibisha nalo. "Nilikuwa naiona muda mrefu. Nikasema hawa ni watu wa samaki, hawajui pamba inavyofunga watu, lakini ni wakubwa wangu, nitawaambiaje? Basi nimeing'oa mwenyewe. Mizizi yake mirefu, mama! Nimetoka jasho. Nimeichoma mpaka majivu, msiogope."

Mama alikuwa bado amemshika mabega. Mimi nilimtazama mama mkubwa.

Alikuwa amesimama na mzigo wake kichwani. Aliushusha taratibu, akaunyoosha mgongo, akamwambia mjane, "Asante, mama. Umechoka kwa ajili yetu." Akazunguka nyumba. Nilimfuata kwa mbali. Ukuta ulikuwa mtupu, na chini yake udongo ulikuwa umechimbuliwa na kusawazishwa vizuri, kazi safi. Matete matatu yalikuwa yamefungwa pamoja na kuegemezwa pembeni ili tuyatumie tena. Hakugusa kitu. Aliingia ndani akalala na nguo za safari.

Jioni ile mama alituketisha, mimi na baadaye baba alipokuja, akatukataza kumwambia mjane. Baba alisema ni haki yake kujua. Mama akamjibu kwamba yule mwanamke ameshazika mume kwa ajili ya mashina ya pamba, na alichotufanyia ndicho angetamani mtu amfanyie mumewe. "Tukimwambia atafanya nini?" alisema. "Ataondoka na kilio, na sisi chetu hakitapungua."

Mama hakukubali mara moja kwamba maua yamekwisha. Mbegu hazikuwepo tena. Zote zilikuwa zimepandwa, na maua hayakufika kuzaa nyingine. Alianza kwenda Katonga kila alipopata nafasi, akiwauliza watu wa maboti ya ng'ambo. Aliwaeleza umbo la jani, urefu, rangi, ukuta wa misheni. Wengi walisema huko milimani hakuendeki. Wengine walisema misheni yenyewe haipo. Hatimaye mchuuzi mmoja alimletea mbegu ndani ya gazeti, akaapa kuwa zimetoka bustani ya kanisa. Zilikuwa za mviringo, nyeusi kijani. Mama aliziona hazifanani, lakini alijishawishi kwamba za zamani zilikuwa zimekauka sana. Alizipanda palepale, akazungushia miiba, akaweka mchanga wa ziwa, kila kitu kama alivyoona kikifanywa.

Zilichipua haraka mno. Majani yalipofunguka mama alimwita dada yake aje aone. Mama mkubwa alikuwa amerudi mkekani siku nyingi. Aliinuka kwa sababu aliitwa, akaja, akainama kidogo.

"Hii bamia," alisema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama unavyomtajia mtoto jina la kitu alichouliza. Kisha akarudi kuketi, na mama akabaki amesimama kati ya mkeka na ukuta, hajui aende upande gani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mteremko, na hakukuwa na siku moja ambayo ningeweza kuionyesha na kusema ni hii. Aliacha kuomba mafuta. Aliacha migebuka, halafu ugali, halafu uji. Hakukataa; aliweka tu kijiko chini. Mama alimlisha kwa mkono, akamwimbia nyimbo za ubatizo, akamletea mtoto wa Mwamgongo amwone, na mtoto alilazwa mapajani mwake akalia mpaka akachukuliwa. Mganga wa zahanati alisema ni homa, akatoa vidonge. Mjane alikuja kila siku na uji wa mtama kutoka kwake, akaketi mkekani naye, akamsimulia vichekesho vya milimani kwa Kiswahili chake. Mama mkubwa alimsikiliza kwa adabu. Nadhani mjane ndiye mtu pekee ambaye alimjibu mpaka mwisho: asante, mama, nimesikia, mama.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Tulimzika juu ya mteremko, kwenye makaburi ya Wakristo.

Katika matanga mjane alifanya kazi kuliko ndugu. Aliteka maji, alisonga ugali wa watu wote, alilala chini na mama kila usiku. Siku ya kuanua tanga, kama ilivyo kawaida kwetu, kila aliyekuwa na neno juu ya marehemu alipewa nafasi. Binamu wa Mwamgongo alizungumza. Katekista alizungumza. Kisha mjane akasimama, kanga ameifunga kiunoni, macho mekundu, akasema hakubahatika kumjua bibi huyu kwa muda mrefu, na hakuwa na chochote cha kumpa alipokuwa hai, ila jambo moja dogo alimfanyia, alimwondolea pamba ukutani ili asije akafungwa uzeeni. Akasema anamshukuru Mungu kwamba alau hilo aliliwahi.

Watu waliitikia kwa kuguna, kwa kukubali. Baba alitazama chini. Mama alikuwa amekaa na miguu imenyooshwa mbele, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba, na nilimwona akivuta pumzi kabla ya kusema.

"Asante, dada. Mungu akulipe."

Tuliishi jirani naye miaka mingi baada ya hapo. Kila kiangazi, kabla bwana shamba hajataja siku, alikuwa akija na wanawake wake na majembe, na alianza na shamba letu kabla ya lake. Alikagua ukuta wa nyuma kwanza. Mama alisimama mlangoni na ndoo ya maji ya kunywa, akamshukuru kwa maneno yaleyale, na mimi nilipitisha vikombe.